Oili ya Injini Iliyorithi Jina

Ndugu zangu,

Tangu nirudi kutoka Karema, kila anayeingia karakanani kwangu anauliza jambo lile lile: kwa nini dumu la rangi ya dhahabu, lenye maandishi ya oili ya watu wenye uwezo, limejaa mawese? Mmoja wenu alilifungua akitaka kuiongezea pikipiki yake, akatoka na vidole vyekundu. Nimechoka kuanza hadithi upya kila mteja anapovuta kiti. Nimeiandika. Isomeni, mpeane, kisha turudi kazini.

Wengi mnanijua, ila karatasi huenda mbali kuliko sauti, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni Gaudensi Kasele, mwenye diploma ya mitambo ya vyombo vya majini. Niliondoka Mpanda na begi lililofungwa kwa kamba ya katani, nikarudi na mashine ya kuchomelea, kompresa na cheti chenye mhuri. Hakuna mjomba aliyenifungulia mlango wa ofisi. Nilichonacho nimekitafuta kwa mikono hii, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilikuwa Dar es Salaam kununua vifaa vya karakana shangazi yangu Skolastika aliponipigia simu.

"Baba," alisema, "boti inakohoa."

Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake, marehemu Mzee Kasele, na kwa desturi yetu aliyerithi jina huitwa kama mwenye jina. Toka nikiwa natambaa, mama huyu mwenye mvi ananiamkia mimi.

Boti yake inaitwa Subira. Ni ya mbao, ya zamani, na ndiyo inayomlisha tangu afiwe na mume. Hupeleka unga na ndoo kwenye kambi za wavuvi wa dagaa kusini mwa Karema, na hurudi na dagaa. Wavuvi wetu huvua gizani kwa taa. Mbalamwezi ikitoka wanapumzika, wanashona nyavu. Giza likirudi, kuna sheria isiyoandikwa popote: boti inayofika kambini asubuhi ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo wa kambi hiyo mpaka mbalamwezi irudi. Anayechelewa anakaa ufukweni akiwatazama wenzake.

Giza lililopita Subira ilizimika njiani, wakachelewa. Sasa mfanyabiashara mmoja alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuipima mbao kwa kamba. Shangazi akikosa giza hili pia, angemuuzia, mbao zikawe madawati.

Nahodha wake, Filbati, alisema presha ya oili inashuka injini ikipata moto. Fundi wa kubahatisha angesema, mwagia oili nzito, vyombo vikongwe hupenda nzito. Mimi sibahatishi. Nilimwambia Filbati anipigie picha ya kibati cha injini, kile kidogo chenye modeli na namba. Picha ilikuja safi. Nikatafuta kitabu cha modeli hiyo, nikakisoma, nikaona kwamba ni injini ya kisasa inayotaka oili nyepesi ya sintetiki, namba kumi-thelathini. Nikanunua iliyo bora kuliko zote dukani, dumu la dhahabu, lakiri haijaguswa. Shangazi alipoambiwa kwamba oili inatoka Dar, alilia kwenye simu.

Dar es Salaam hadi Tabora

Dumu sikuliweka chini ya kiti. Nililipakata. Kwa sababu hiyo, kila aliyepita kwenye behewa alilisalimia kwa macho, na mkaguzi wa tiketi alisimama kabisa.

"Mzee, mafuta yanayolipuka hayaruhusiwi humu."

"Hii siyo petroli, ni oili ya injini. Hailipuki."

"Nani kasema?"

Mimi husafiri na nakala ya diploma yangu, kwenye bahasha ya nailoni isiingie vumbi. Nilimpa. Aliisoma yote, mpaka jina la mkuu wa chuo, kisha akanirudishia kwa heshima.

"Hii ni ya mtu," alisema. "Ya dumu iko wapi?"

Behewa zima lilicheka. Sikukasirika. Nilimsomea maandishi ya nyuma ya dumu moja baada ya jingine, nikamweleza tofauti ya kuwaka na kulainisha, tangu alipokuwa amesimama mpaka alipoketi. Mwishowe alisema nisiendelee, ameridhika, ana mabehewa mengine.

Chakula cha njia hiyo mnakijua: mayai ya kuchemsha yanayopitishwa dirishani, korosho, na Dodoma zabibu za kumtuliza mtoto. Nilikula kwa mkono mmoja.

Kaliua, na mto Ugalla

Kaliua ndipo mabehewa ya Mpanda huachana na yale ya Kigoma, na kuachana huko kuna utaratibu wake. Tulishuka tukanyoosha miguu. Waliokuwa wageni wa njia hii walianza kuulizana kama tumesahauliwa. Sisi wenyeji tuliagiza wali na kuku wa kienyeji mgumu kama mkanda wa feni, tukatafuna bila haraka, maana kuku wa namna hiyo ndiye saa ya Kaliua: akiisha, treni nayo iko tayari.

Aliyeketi mbele yangu kuanzia hapo ni mama mmoja wa Ugalla, mfugaji wa nyuki, aliyekuwa anarudi na madumu matupu baada ya kuuza asali Tabora. Alilitazama dumu langu kwa jicho la mfanyabiashara mwenzangu.

"Hiyo asali ya wapi, imefungwa vizuri namna hiyo?"

"Siyo asali, mama. Ni oili ya injini ya boti."

"Umeionja?"

"Oili haionjwi. Inasomwa."

Alifikiri. "Sisi dumu hatulisomi. Mtu anaweza kuandika asali halafu ndani kuna maji ya sukari. Tunafungua, tunachovya."

Nilimweleza kuhusu namba. Kwamba namba ya kwanza ni wepesi wa oili ikiwa baridi, ya pili ni uzito wake injini ikiwa moto. Kwamba oili ikiwa nyepesi mno haikai kati ya vyuma, vyuma vinasagana. Ikiwa nzito mno inachelewa kufika juu, asubuhi injini inaanza kazi ikiwa kavu. Alisikiliza vizuri, akanipa viazi vitamu vya kuchemsha kutoka kwenye kitambaa.

"Basi ni kama uji wa mtoto na uji wa mzee," alisema.

Nilikubali, ingawa chuoni hatukufundishwa hivyo. Tulipovuka mto Ugalla kila mtu alitazama dirishani kuona viboko, hakuna aliyeona, na kila mtu alisema safari iliyopita aliwaona. Mama akashuka na madumu yake, akanitakia safari njema mimi na asali yangu.

Mpanda hadi Kasekese

Nyumbani nilioga, nikabadili shati, nikatafuta gari la Karema. Nilipata mchomoko, yale magari madogo ya abiria yanayokimbia vijijini kama yanafukuzwa. Dereva aliitwa Haruna, Mnyamwezi mpole mwenye kofia ya kufuma, na gari lake lilikuwa safi. Hicho ndicho nilichokitazama kwanza. Nilimwomba afungue boneti nisikilize injini kabla sijapanda.

"Abiria wengine huuliza muda wa kuondoka," alisema.

"Mimi nauliza valvu. Hii inahitaji kubadilishwa oili."

"Najua, fundi. Najua kabisa."

Kule nyuma kulikuwa na dumu jeusi, lenye mikwaruzo, limefungwa kwa mpira. Nilimuuliza ni la nini. Alisema ni oili namba arobaini, ya mashine ya kukoboa mpunga ya mama mkwe wake huko Kasekese. Niliinusa. Ilikuwa halisi, haijachanganywa, lakini ni oili ya kizazi cha babu zetu, ya namba moja tu. Nikamwonyesha dumu langu. Alilishika kama anashika mtoto wa mtu mwingine.

Tulipofika Kasekese, Haruna alisimamisha gari mbali na nyumba, nyuma ya kichaka cha mikorosho, akazima injini.

"Tumeharibikiwa?" niliuliza.

"Hapana. Naomba unisaidie jambo. Mpelekee mama mkwe dumu lake."

"Kwa nini usipeleke wewe?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini havui nguo sokoni. "Mkwe kwetu hatazamwi usoni, bwana. Mwezi uliopita alitoka ghafla nyuma ya mashine, nikaingia mferejini na gunia."

Abiria wengine walikuwa wamekwisha kuzoea. Mmoja alikuwa ametoa karata. Hivyo mimi, mwenye diploma, nilibeba dumu la watu katikati ya kuku mpaka kwenye banda la mashine. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mweupe kwa pumba kuanzia kilemba mpaka miguuni.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya mikorosho."

"Mwambie asante. Mwambie na tairi la nyuma la kushoto limelegea, nimeliona kutoka hapa."

Nilimwangalia akiijazia mashine yake. Ilikuwa ni injini ya dizeli ya kupigwa kwa mkono, yenye gurudumu zito pembeni, mlio wake kama mtu anayetwanga. Nilimwambia siku hizi kuna oili bora zaidi.

"Zipo," alisema. "Fundi mmoja alinitilia moja hapa, nyembamba kama chai. Ikatokea kila mahali isipotakiwa kutokea. Hii mashine ni ya zamani, mwanangu, ina mianya yake. Inajua inachokula."

Nilimwambia yuko sahihi kwa mashine ya aina ile. Na alikuwa sahihi. Nikampa Haruna ujumbe wa tairi, akashuka akalikaza akiwa amegeuzia nyumba mgongo.

Karema

Ziwa unaliona kwanza kutoka juu, kabla ya kuona nyumba. Tulishuka tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi alikuwa barabarani. Alilipokea dumu kabla ya kunipokea mimi, akalipanga mezani sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na picha ya marehemu mumewe.

"Shikamoo, baba," aliniambia.

"Marahaba," nilijibu, maana ndivyo inavyotakiwa, ingawa ulimi wangu haujawahi kulizoea jambo hilo.

Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyopikwa kwa mawese, nikajua nimefika. Ndipo aliponiambia mpango wake. Kesho yake jumuiya yote ingekuja ufukweni baada ya misa. Ingefanyika sala, mimi ningemimina oili mbele ya watu wote, kisha wangekula pilau. Mfanyabiashara wa mbao naye alikuwa amealikwa.

"Aone," alisema shangazi. "Aone kwamba nina mtu."

Asubuhi nilimtangulia kila mtu, nikashuka na Filbati kwenye boti. Filbati ni mfupi, mpana, mwenye utani usio na kicheko. Aliinua mbao za sakafu.

"Mgonjwa huyu hapa, injinia."

Kibati kilikuwa kiking'aa, kile kile cha kwenye picha, namba zile zile. Lakini nyuma ya kibati niliona chuma cha kale. Niliona gurudumu zito. Niliona tundu la mpini wa kuipiga kwa mkono. Injini ya kwenye kitabu nilichosoma haina mpini. Inawashwa kwa ufunguo. Nikapitisha kidole kwenye ripiti, zile pini zilizoshika kibati. Zilikuwa changa kuliko injini.

"Filbati, hiki kibati kimetoka wapi?"

"Cha marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Injini ya kwanza. Ile mpya aliyonunua mume wa shangazi yako. Ilimeza maji siku ya dhoruba, ikafa. Hii, mama aliinunua Kigoma kutoka kwenye boti iliyovunjwa. Ilikuja haina jina."

"Kwa hiyo mkaipa jina la ile iliyokufa."

"Tungeiachaje? Ile haikuwahi kumwacha mtu ziwani mpaka siku yake. Mzee wa familia aliking'oa kibati hiki kabla hatujaizamisha ile ziwani, tukakipigilia hapa, mama akaimwagia maji kidogo, akaiambia: kuanzia leo wewe ndiye. Ikarithi."

Nilikaa juu ya mbao. Ndugu zangu, mimi nimetokea katika watu hawa hawa. Mtoto akizaliwa baada ya msiba tunampa jina la marehemu, anaendeleza nyumba. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu angefanya hivyo kwa dizeli. Tena hapa mambo yalikuwa yamegeuka, babu ndiye aliyemrithi mjukuu: injini kongwe ilikuwa imebeba jina la injini changa.

Nililisoma jina sawasawa kabisa. Na oili niliyoichagua ilikuwa sahihi kabisa, kwa injini iliyolala chini ya ziwa.

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Nyeusi, nyembamba, mchanganyiko wa kila kitu kilichowahi kuuzwa Karema, mpaka ya pikipiki. Hiyo ndiyo sababu ya presha kushuka. Na niliona mbele yangu kitakachotokea nikimimina dumu la dhahabu: oili nyepesi ingepita kwenye mianya ya vyuma vilivyolika, ingetokea kwenye sili za kizamani, zile ringi za kuzuia kuvuja, na dawa za kusafishia zilizomo zingebandua masizi ya miaka yote na kuyasukuma kwenye chujio. Siku ya kwanza ingenguruma vizuri. Siku ya pili au ya tatu, katikati ya maji, na shangazi yangu ndani yake na mzigo wa watu, ingejisaga.

"Kuna nini?" aliuliza Filbati.

"Hainywi hii."

Alitazama ufukweni. Kina mama wa jumuiya walikuwa wanashuka na sufuria. "Basi kawaambie wewe," alisema. "Mimi nina jina dogo."

Ufukweni

Sala ilikuwa ndefu na nzuri. Dumu lilibebwa na shangazi mwenyewe, limefungwa utepe. Alinikabidhi. Nilisimama na watu wakanyamaza, na mfanyabiashara wa mbao alikuwa mbele, amekunja mikono.

Nikasema sitaimimina.

"Oili hii ni bora," nilisema, "hakuna bora kuliko hii mkoa mzima. Lakini siyo ya injini hii. Nikiimimina, mtashangilia leo na mtatuvuta kwa kamba baadaye."

Kulikuwa na minong'ono. Mtu wa nyuma aliuliza kama niliitoa Dar kuja kuionyesha ziwa. Mfanyabiashara akasema kwa upole, "Mama, mimi bado nipo." Shangazi alianza kupakua pilau, na alimpakulia kila mtu, na sahani yangu aliijaza kuliko zote, jambo ambalo kwetu linaonyesha hasira kubwa zaidi.

Watu walipotawanyika aliniuliza, macho yakiwa kwenye sufuria: "Nimekosa nini, baba?"

"Hujakosa. Kibati ndicho kilichonielekeza kwa marehemu."

"Kwa hiyo tunauza."

"Giza linaanza lini?"

"Kesho kutwa usiku wanaingia majini. Alfajiri inayofuata ndiyo ya kwanza."

Nikamwambia asiuze. Injini hii si mbaya, imekula vibaya tu. Inataka oili namba arobaini, nzito, ya namba moja, ya kizamani kama yenyewe. Filbati alicheka kwa mara ya kwanza: ya namna hiyo haipo Karema, boti zote siku hizi zina injini za nje za petroli. Dukani kuna ya pikipiki, na ile ya kupimwa kutoka kwenye pipa ambayo hakuna anayejua ukoo wake.

Lakini mimi nilikuwa nimeibeba oili hiyo kwa mikono yangu. Hapa ndipo mtu aliyesoma anapojulikana: siyo kwa kutokukosea njia, bali kwa kukumbuka alichokiona njiani. Injini ya Subira na mashine ya mama mkwe wa Haruna ni watu wa rika moja. Oili ya boti hii haikuwa bandarini. Ilikuwa kwenye banda la mpunga.

Kurudi Kasekese

Haruna alikuwa anarudi Mpanda na abiria. Nilimweleza yote tukiwa njiani, akapunguza mwendo.

"Unataka oili ya mama mkwe."

"Ndiyo. Wewe utamletea nyingine ukifika mjini."

"Na nani atamwambia?"

"Mimi."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Mikorosho ipo."

Alicheka mpaka akafuta macho. Nikamwambia kuhusu sehemu yake: dumu la dhahabu, nililokuwa nimelipakata tena. Gari lake ni la petroli, la kisasa, mianya yake midogo. Kitabu chake kinataka hasa oili ile, namba ile ile. Alikuwa ameitamani tangu Mpanda na alidhani sikumwona. Hakuuliza swali la pili.

Mama mkwe alinisikiliza mashine ikiwa imezimwa, jambo ambalo wenye mpunga uliosubiri hawakulipenda. Nilimweleza kuhusu kibati, kuhusu giza, kuhusu mfanyabiashara na kamba yake.

"Huyo mama ni mjane?"

"Ndiyo."

"Na injini wameipa jina la marehemu."

"Ndiyo."

"Wamefanya vizuri," alisema. "Nyie mafundi ndio mliofanya vibaya. Mnaulizia jina, hamuulizii umri." Alitoa madumu mawili ya akiba, lile la Haruna, lililopungua kidogo, na jingine la zamani zaidi, lenye lakiri yake. "Mwambie mkwe wangu nataka yangu kabla ya mavuno ya Jumamosi. Na mwambie kofia imempendeza, nimeiona kutoka hapa."

Haruna alinitafutia lori la kwenda Karema. Kabla hatujaachana alimwaga oili yake chakavu kwenye chupa, akatia ya dhahabu hapo hapo kivulini, nami nikasimamia. Gari lilinguruma kama limelala usingizi mzuri. Akanipa dumu tupu. Alisema si vizuri kumrudisha mgeni mikono mitupu kabisa.

Karema hadi kambini

Kazi yenyewe haikuwa na hadhira. Filbati na mimi tuliiwasha Subira mpaka injini ikapata uvuguvugu, maana oili ikiwa baridi hutoka yenyewe na kuacha uchafu ndani. Tukaitoa yote. Filbati alitaka kubakiza kidogo, eti mwenyeji ampokee mgeni. Nilimkatalia, tukabishana, nikashinda. Sikuiosha kwa dawa, masizi yaliyokwisha kukaa yasiamshwe. Nikabadili chujio, nikajaza arobaini mpaka alama ya juu, nikamwambia apige mpini.

Alipiga mara kadhaa, ikakataa. Shangazi alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anashika ukingo wa boti kama anashika kitanda cha mgonjwa. Kisha ikashika. Moshi ukatoka mzito, ukapungua, ukawa wa kawaida. Sindano ya kipimo cha presha ilipanda.

"Subiri ipate moto," nilisema.

Tulisubiri. Ikapata moto, na sindano ilishuka kidogo, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti, ikatulia hapo.

Alfajiri ya kwanza ya giza tuliondoka, Filbati kwenye usukani, shangazi juu ya magunia ya unga, mimi karibu na injini na tochi mdomoni. Milima ya Kongo ilikuwa mstari tu upande wa pili. Kulipopambazuka tuliona mbele yetu boti nyingine ikielekea kambi ile ile, ya injini mbili za nje, na nahodha wake akatupungia kwa dharau. Filbati alinitazama.

"Naweza kuongeza?"

Nilitazama sindano. "Ongeza. Usipite robo tatu."

Hatukuwapita kwa kasi. Wao walisimama kubadilisha tangi la petroli na kuchanganya oili, kama watu wa injini za nje wanavyolazimika, na sisi tukaendelea kutwanga, tukatwanga, tukatwanga. Tulipogusa mchanga wa kambi, wavuvi walikuwa wanashusha dagaa wakiwa bado wanarukaruka. Mkuu wa kambi alimsaidia shangazi kushuka.

"Mama Subira," alisema. "Tulisikia umeuza."

"Niliuza nini?" alijibu shangazi. "Pimeni mzigo."

Nyumbani

Kabla ya kuondoka nilichukua tindo ili niking'oe kile kibati. Kwa fundi, kibati cha uongo ni hatari. Atakuja mwingine, atakisoma, atakosea kama kilivyotaka kunikosesha mimi. Shangazi aliniwekea mkono juu ya tindo.

"Wewe una jina la baba yangu," alisema. "Baba alikuwa hawezi kulala bila pombe ya mtama. Niliwahi kukupa pombe ulipokuwa mtoto?"

"Hapana."

"Nilikupa maziwa. Jina ni la marehemu, tumbo ni la aliyerithi. Kiache."

Nilikiacha. Nikachukua rangi nyeupe, nikaandika chini yake, kwa herufi za kusomeka hata na mtu mwenye haraka: HUNYWA AROBAINI. Filbati aliniuliza kama nitaweka na jina langu. Niliweka, na diploma nikaitaja, kwa sababu kazi nzuri isiyo na jina huja kudaiwa na mtu mwingine.

Mfanyabiashara wa mbao aliondoka na lori la siku ile ile niliyoondoka mimi. Alinipa kiti cha mbele. Shangazi alikuja mpaka barabarani, akanipa dumu la dhahabu, zito, alilokuwa ameliosha kwa majivu, limefungwa vizuri kwa kitambaa shingoni. Mawese ya kwake mwenyewe, ya msimu huu.

"Safari njema, baba," aliniambia.

"Ubaki salama, mwanangu," nilimjibu, na kwa mara ya kwanza ulimi haukusita.

Basi, ndugu zangu, ndilo hilo dumu. Liko pale rafu ya juu, maandishi yake yakitazama mlango. Atakayetaka mboga aje na bakuli. Atakayetaka oili aniambie kwanza injini yake ina umri gani.